Mapigo ya Mzee Petro

Sabini na sita. Salwa aliiandika namba kwenye chati, akaurudisha mkono wa Mzee Petro juu ya blanketi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Mzee alikuwa na neno moja tu tangu alfajiri: Ritha. Alimfukuza bintiye huyo akiwa na mimba, na mwaka wa tisa huu hawajasemezana. Juzi mtu alimpelekea habari Mlali, anakoishi. Basi la huko huingia Dodoma saa saba.

"Nifikishe saa saba tu, nesi," alisema saa mbili, sauti ikikwaruza.

"Nitakufikisha, babu. Nina mtihani mwezi ujao, usiniharibie."

Mzee akacheka, akakohoa, akafumba macho.

Salwa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mama wa mtoto wa miezi mitano. Wiki ya somo la mapigo mwanawe alishikwa na homa, akalazimika kunakili daftari la mwenzake: tafuta mshipa kwenye kifundo cha mkono, bonyeza taratibu, hesabu dakika nzima. Hakukuwa na kingine cha kutegemea. Kipimo cha presha kilikuwa kibovu tangu Pasaka, kipimajoto kimoja kilizunguka wodi tatu, na siku hizi hata glovu ndugu wa mgonjwa huja nazo kutoka dukani.

"Kila nusu saa," Sista Mwajabu alikuwa amemwagiza, kabla ya kuitwa kwa majeruhi wa lori. "Ukiyakosa mapigo, niite mbio."

Hakuyakosa. Saa nne mzee alikuwa kimya, mkono umepoa. Upepo wa Julai ulipita kwenye dirisha lisilo na kioo. Shuka kifuani likainuka, likashuka. Salwa akaandika kwenye chati, "mkono baridi," akamwongezea blanketi, akabonyeza kifundoni. Themanini. Saa tano, sabini na nane. Maziwa yalikuwa yamemlowesha gauni, lakini hakutoka kitini.

Saa sita na nusu honi ililia barabarani. Salwa alikimbia hadi mlangoni. Lilikuwa gari la maji. Akarudi anahema, akaushika mkono.

Mia na nne.

"Kumbe na wewe umeisikia, babu," akamnong'oneza.

Ritha aliingia saa saba na robo, vumbi jekundu hadi kwenye kope, kifurushi cha karanga mkononi. Alisimama mbali na kitanda.

"Nimechelewa?"

"Hujachelewa, dada. Mapigo yapo. Sema naye, masikio hayalali."

Ritha akapiga magoti, akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, baba."

Akangoja kuitikiwa, kama desturi. Kisha akaanza kusema, kwanza kwa hasira, kuhusu usiku ule na mvua ile, na mlango uliofungwa. Hasira ikaisha njiani. Akasema yamekwisha. Akasema mtoto yupo darasa la pili, ni mbishi kama babu yake, na anaitwa Petro.

Upande wa pili wa kitanda, Salwa alikuwa ameshika kifundo, machozi yakimdondoka. Chini ya kidole chake mapigo yalikwenda mbio.

"Anakusikia, dada," alisema. "Yanapanda."

Ritha akalaza shavu juu ya kifua cha baba yake, akaendelea kusimulia, safari hii akitabasamu.

Hapo ndipo Sista Mwajabu alipoingia. Alimtazama mzee usoni. Akaisoma chati, mstari kwa mstari. Akautazama mkono wa Salwa, akauondoa kwa upole, akaweka vidole vyake vitatu palepale. Alikaa hivyo muda mrefu.

Kisha akamwinamia Salwa sikioni, ili Ritha asisikie.

"Dole gumba lina mapigo yake, mwanangu. Tangu saa nne umekuwa ukijihesabu mwenyewe."