Miti Mia ya Jury

Kanyere aliyamwaga maji ya kunawa uso kwenye shina la mti wa themanini na mbili, na uso wenyewe ukabaki hivyo hivyo. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na ilibaki wiki moja jury ya watahini ije.

Sheria mpya ya chuo kikuu pale Butembo ilikuwa nyepesi kusema, nzito kutenda. Kuandika mémoire, yaani tasnifu, hakukutosha tena. Kila anayemaliza masomo alitakiwa kuonyesha miti mia, yote hai, juu ya kilima ambacho watu walikuwa wamekinyoa. Tena si mikaratusi inayokausha chemchemi za jirani, bali miti ya asili. Watoto wa matajiri walipoanza kutuma vibarua, jury ikaongeza jambo: ikishahesabu miti, inakagua viganja. Mti mmoja ukipungua, hakuna diplôme.

Kilima kile cha juu ya mtaa wa Rughenda kiligawiwa vipande arobaini. Halafu vita vikaja. Wenye vipande wakakimbia, wengine Kamango, wengine hata hawajulikani waliko, na miti yao ikaishia chini ya masufuria. Kanyere hakukimbia. Wahenga husema mchumia juani hulia kivulini. Kivuli chake yeye, baada ya miaka mitatu, kilitosha kuku wawili. Upweke ulimuuma. Alizoea kuisalimia miti kwa Kinande, mmoja mmoja, na kuikaripia iliyonyauka. Wapita njia walisema amerukwa na akili. Aliwaacha waseme, maana angalau walikuwa wanamtaja.

Alhamisi, askari wawili walipanda na mapanga.

"Mama," mmoja akasema, maana askari akitaka kitu humwita kila mwanamke mama, "tunatafuta miti ya kujenga. Hii iko ya nani?"

"Iko ya université. Hapana kata, tafazali. Ukikata moja tu, kazi ya miaka tatu imekufa."

"Université gani? Si balifunga?"

"Itafunguka. Kuya kwa nyumba yangu, ni hapa chini. Mubomoe jikoni, mubebe miti yote."

Wakalibomoa jiko kweli, wakibeba mpaka fito za mlangoni. Tangu siku ile Kanyere alipika nje, kwenye vumbi na upepo, akala peke yake bila ukuta wa kumsitiri. Alilia, lakini si kwa ajili ya jiko.

Jury ilipokuja, ilikuwa mtu mmoja tu: Profesa Zorobabel, mgeni aliyetoka mbali, kwani wajumbe wa zamani walikuwa wametawanyika. Hakuwa na orodha ya majina. Bureau ya chuo ilikuwa imeporwa, na karatasi zake zikatumika kuwashia moto.

Alihesabu kwa kugusa kila shina. Mia. Hakuridhika, akarudia kuanzia chini, huku Kanyere akimfuata nyuma. Mia.

"Lete mikono."

Akavishika viganja vyake, akapitisha kidole juu ya sugu, polepole.

"Hii mikono hapana ya kibarua," akasema. "Ni ya mwenye miti." Kisha akamtazama usoni kwa muda mrefu, na sauti yake ikalainika. "Vita imetuzeesha siye bote. Lakini diplôme utapata, nitaisaini mimi mwenyewe. Donc, niandike jina gani?"

Kanyere akajifuta mikono kwenye kitenge. Neno hilo alikuwa ameliandaa kwa miaka mitatu.

"Andika Kambere Gamaliel, professeur. Ni mutoto wangu. Balimuua ku barabara ya Beni. Alikuwa amemaliza kuchimba mashimo ya miti tu."