Pale Itakapokaa Wodi

Mkandarasi Kirenga alikisifia kifusi alichokishindilia utadhani anaoza binti. "Pima hapa, dada. Kigumu kama moyo wa mama mkwe!"

"Hapa ndipo malori yenu yanapogeuzia," alisema mhandisi Zamda. "Nitapima pale itakapokaa wodi ya wazazi."

Akalaza sahani ya chuma pale, lori la mawe likasogezwa juu yake, akakaza jeki katikati ili uzito wa lori uikandamize sahani. Sahani ikazama kama kijiko kwenye uji. Pembeni zikafoka nepi, utumbo wa samaki, jalala zima lililofukiwa kimyakimya.

Zamda alitapika.

Kirenga aliziba pua kwa mkono mmoja, kwa wa pili akamnyooshea kalamu. "Kwani kitoto kichanga kina uzito gani, dada? Tia sahihi kuwa kifusi kimefaulu."

Inzi akatua kwenye kalamu.