Masomo Matatu ya Betri

Uvumi huo fundi wa sare za shule aliuokota kwa mpishi wa shule, na tangu siku hiyo ulimganda kama kupe: kwamba siku hizi chuoni, anayeomba shahada ya kompyuta kwa hisabati ya juu wanamruka tu. Wanamtaka aliyesoma somo lenyewe la kompyuta.

"Hisabati ya juu inaua watoto, Mama Betri," mpishi alisema huku akisubiri aproni yake ishonwe mfuko. "Wanatoka na sifuri, kisha wanabaki kuota jua. Wangu huyo hapo nyumbani, si unamwona? Na akili zake zote."

Fundi alikuwa anamwona. Kijana alipita kila asubuhi na ndoo za maji, hasalimii mtu.

Na mpishi si mtu wa kuropoka. Ndiye anayepeleka chai kwenye ofisi ya walimu. Ukitaka neno la ndani ya shule, utaenda kwa nani tena?

Binti wa fundi walimwita Betri kwa sababu haishiwi nguvu. Mteja akisimama mlangoni, Betri alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya kitambaa kichwani kabla mama yake hajashika utepe. Alikuwa amefaulu, na sasa alitakiwa kuchagua masomo matatu ya miaka miwili ya mwisho. Alitaka kompyuta, akaitaka kwa roho moja.

"Fizikia, kemia, hisabati ya juu," alimsomea mama yake. "Mwalimu anasema bila hisabati hakuna kompyuta."

"Huyo mwalimu anafundisha nini?"

"Hisabati."

"Ehe. Kila mwamba ngoma huvutia kwake."

"Mama, lakini..."

"Lakini nini? Anayetaka ufundi anakalishwa kwenye cherehani, au anapelekwa shambani akahesabu pamba? Unataka kompyuta, soma kompyuta."

Betri alicheka kidogo. Alipoona mama hacheki, akachukua kifutio. Kompyuta, jiografia, uchumi. Fundi akatia sahihi yake polepole, herufi moja moja, kama anayetarizi.

Miaka miwili Betri aliongoza darasa katika masomo yote matatu. Fundi alimtaja kwa kila mteja, hata kwa aliyekuja kubadilisha zipu.

Chuo kilipomkataa, walifunga safari wakaenda wenyewe. Karani wa udahili alipandisha miwani juu ya paji la uso, akayapitia matokeo ya Betri mara mbili.

"Mazuri sana haya, binti. Sasa hisabati ya juu iko wapi?"

"Amesoma kompyuta," fundi akadakia. "Kompyuta yenyewe. Hakuna aliyempita."

Karani akashusha miwani. "Kompyuta tutamfundisha sisi, mama. Hisabati ndiyo alitakiwa aje nayo."

"Basi akaisome."

"Arudi sekondari aanze upya. Kama ipo shule itakayompokea."

Haikuwapo. Walizizunguka shule zote, na kila mkuu wa shule alisema lilelile: nafasi ni za waliofaulu mwaka huu. Kesho yake Betri aliketi kwenye cherehani ya pili, akaanza kupinda marinda.

Mpishi alikuja kutoa pole. Alikaa, akakunja mikono.

"Na wangu aliambiwa hivyohivyo," akasema. "Neno kwa neno. Naye alisoma kompyuta."

Mkasi ulisimama mkononi mwa fundi. "Ulijua?"

"Angalau sasa hatuchekwi peke yetu," mpishi akasema, akaaga.

Fundi alilia hadi macho yakavimba. Kisha akaapa, Betri akisikia: uvumi ule umefika mwisho wake. Utafia mlangoni kwake, na hakuna mtoto mwingine wa mtaa ule atakayekatwa miguu namna hiyo.

Haukupita muda, akaja jirani wa ukuta mmoja. Huyu hakuwa jirani wa kuazimana chumvi tu. Fundi alipolazwa baada ya kujifungua, yeye ndiye aliyemnyonyesha Betri pamoja na mtoto wake. Mdogo wa mtoto huyo sasa alikuwa amefaulu, na sketi yake ya shule ilikuwa palepale, chini ya sindano ya Betri.

"Dada, huyu naye ameshikilia kompyuta," jirani alisema, akitoa kalamu na kipande cha karatasi. "Mimi na wewe wote tuliishia shule ya msingi, lakini wewe umeipita njia hii. Nitajie vya kuepuka, niandike."

"Kaa," fundi akasema. "Nitakutajia vyote."

"Mungu akuweke. Na Betri asikate tamaa. Mdogo wake akishafika chuoni atamshika mkono. Kule hata kazi ya kufagia ofisi haikosekani."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, akamgeukia Betri na kutabasamu.

Betri aliacha kukanyaga pedali. Akamtazama mama yake. Fundi alipitisha kiganja juu ya kitambaa mezani, akakinyoosha, akakinyoosha tena. Kisha akaanza kutaja, taratibu, na jirani akaandika:

Aepuke kuchelewesha fomu.

Aepuke kuacha sehemu yoyote bila kujaza.

Aepuke kuchagua kwa kumfuata rafiki.

Aepuke maneno ya mtaani.

Aepuke hisabati ya juu.