Vipande vya Mkanda

Muuza saa alikuwa ameshatoa vipande sita vya mkanda, na bado ile saa ya dhahabu iliteleza hadi kwenye vidole vya Mzee Mwinchande. Aliitamani tangu ujana, lakini ugonjwa ulitangulia kuufikia mkono wake.

"Baba, tuiache," bintiye Zamda alimnong'oneza. "Utaivaa wapi?"

"Kitandani. Wauguzi wawe wananiuliza mimi saa ngapi."

"Nikitoa kingine, mzee, haitafunga," alisema muuzaji. "Ukinenepa, hivi tutavirudisha."

Zamda aligeukia mlangoni. Mzee aliivua saa taratibu, akaifuta kwa pindo la shati, akamrudishia muuzaji. Kisha akaanza kukunja shati upande wa kulia.

"Jaribu na huu," alisema, akaunyoosha mkono wa pili, mwembamba vilevile.