Jina Safi

"Bi Mwanakombo, jina lako lina doa kwenye kumbukumbu za benki zote," alisema Nassor, karani wa mikopo. "Akaunti yenu ya pamoja, wewe na marehemu mumeo, ilifungwa ikidaiwa. Kama si wewe uliyechota kwa kadi zile pesa zilizozidi salio, doa nalifuta leo."

Bi Mwanakombo aliufikiria mkopo wa tanuri, na wajukuu wanaokula kwa mikate yake. Kadi aliishika yeye siku zote. Mumewe, Maalim Faki, hata namba ya siri hakuijua.

"Alichota marehemu."

Nassor aliacha kuandika. "Maalim? Huyu aliyetusomesha Kurani, akaturudisha dukani turejeshe chenji ya peremende iliyozidi?"

"Binadamu, mwanangu."

"Kumbe!" Alitikisa kichwa, akabonyeza kompyuta. "Haya mama, jina lako safi. Mkopo utapata."

Kisha akainua viganja vyake, kama Maalim mwenyewe alivyomfundisha. "Mwenyezi Mungu amsamehe dhambi yake hii."

Akamtazama mjane, akingoja aitikie. Mikono ya Bi Mwanakombo ilipanda nusu, ikabaki hapo hewani, na mdomo wake umefunguka.