Dirisha la Kona

Kioo kilikuwa safi tayari, lakini Popo alikiosha tena. Alikipaka povu, akakikausha kwa mpira kutoka juu hadi chini, akachungulia ndani. Safari hii mgonjwa alikuwa ameondoa shuka usoni. Bibi kizee, mdomo wazi.

Si yeye.

"Mbona unarudia?" mwenzake aliuliza kutoka juu ya paa. Walimwita Mzee wa Kamba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinda mafundo na kuwashusha wenzake taratibu.

"Lina alama," Popo alijibu.

Halikuwa na alama yoyote.

Jina la Popo alilipata kwa miaka kumi na minne ya kuning'inia kwenye majengo ya watu. Huko juu alikuwa mtulivu kupita kiasi. Angani hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Leo alisugua kwa pupa hadi povu likamwagikia viatu.

Kwa usiku wa tano sasa usingizi ulikuwa umempaa. Mkewe alikuwa amelazwa humu hospitalini, ghorofa ya nne, na hakuruhusiwa kumwona. Akimpigia, simu iliita mara moja ikakatika. Mama mkwe alipita getini na chupa ya chai, akamtazama kama anayetazama nguzo ya umeme, akaingia zake. Mara nne Popo alimwendea mlinzi. Mara ya mwisho alivaa suruali iliyopigwa pasi na kubeba mfuko wa machungwa.

Mlinzi alisoma kitambulisho, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani ya kibanda chake, akatikisa kichwa.

"Wewe hapana."

"Ni mke wangu, kaka! Mke wangu yumo humo!"

"Mimi mlinzi tu, kaka yangu. Nimeambiwa wewe hapana."

Popo alilia palepale, mtu mzima na ndevu zake, machungwa yakiviringika hadi barabarani.

Hospitali ilikuwa kwenye ratiba ya kampuni yao mwezi ujao. Popo alimwangukia msimamizi miguuni mpaka ikasogezwa hadi leo. Kazini hawaishi kubishana ni chombo gani mwosha madirisha hawezi kukikosa. Mzee wa Kamba husema kamba. Wengine husema mpira wa kukaushia, wengine kikwangulio cha rangi na kinyesi cha ndege. Asubuhi hii Popo aligundua kuwa wote wamekosea. Ni ovaroli. Alipita geti lilelile, mbele ya mlinzi yuleyule, helmeti kichwani na ndoo kiunoni, na mlinzi akamfungulia bila hata kumtazama usoni.

Sasa madirisha kumi na moja yalikuwa yamekwisha. Lilibaki la kona.

"Kamba haifiki kule," Mzee wa Kamba alisema. "Na la kona halimo kwenye kazi ya leo. Panda tukale."

"Mzee wangu." Popo aliinua uso. "Shemeji yako yuko pale."

Mzee wa Kamba aliinama ukingoni.

"Shemeji? Anaumwa nini?"

"Aliumia nyumbani. Wamenikataza kumwona. Siku ya tano leo."

"Kukukataza wewe, mumewe?" Mzee wa Kamba alitema mate pembeni. "Watu hawa hawana utu kabisa. Haya, bembea. Nakulegezea mita mbili. Lakini ukidondoka, usinitume mimi kumpa habari shemeji."

Popo aliupiga ukuta teke, akaruka. Kona ilimjia, ikamkimbia. Aliruka tena. Juu yake kamba ilisuguana na ukingo wa zege, ikalia kama mlango mbovu. Mara ya tatu alibandika kishikio cha mpira kinachonyonya kioo, kikashika, naye akajivuta. Lakini kioo kilikuwa na vumbi la miezi. Kishikio kikachomoka. Alirudi kinyumenyume, bega likagonga ukuta, ndoo ikakatika na kwenda kupasuka chini kwenye maegesho. Watu walipiga ukelele.

"Rudi!" Mzee wa Kamba alipaza sauti. "Kamba inasagika, rudi!"

"Mara moja tu! Mara moja, nakuomba!"

Alijikaza kisabuni. Katika kupita alifuta kioo kwa mkono wa ovaroli, na aliporudi akakibandika kishikio mahali palipong'aa. Kiling'ata. Akakumbatia dirisha, shavu juu ya kioo, pumzi zikimtoka kama mtu aliyeopolewa majini. Damu ilimchuruzika kiwikoni. Hakuisikia.

Brashi ilikuwa bado na maji. Aliosha kioo chote, pembe hadi pembe, asiache hata ukungu, kwa sababu alitaka mkewe amwone vizuri. Alikikausha kwa mkupuo mmoja. Kikawa safi kana kwamba hakipo.

Mkewe alikuwa ndani, peke yake, amegeukia ukutani.

Popo aligonga. Akagonga tena. Alisema maneno aliyoyafanyia mazoezi siku zote tano, taratibu, ili mkewe ayasome mdomoni: "Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Mkewe aligeuka, akamwona. Hakupiga kelele. Alijikokota hadi upande wa pili wa kitanda, na kwa mkono ambao mumewe hakuuvunja, akabonyeza kengele.