Kinga za Kompyuta ya Bi Kanga

Sogeeni, wanangu. Bi Kanga, mjane, alikuwa na kompyuta kuukuu yenye video ya harusi yake, na vifaranga wake walimjua baba yao humo tu. Kila alipoiongezea kinga mpya dhidi ya wezi wa mtandaoni, mashine ilielemewa na video ikakwamakwama.

“Shoga, zitoe!” akasema Chura, asiye na subira. “Marehemu anacheza kama aliyekanyaga mwiba!”

“Nikizitoa, Nguchiro mwizi ataingia aifute. Sina nyingine.”

Konokono, ambaye wote walimcheka kwa kujikokota kwake, akauliza taratibu, “Bi Kanga, video si imo humohumo ndani? Sasa intaneti ya nini?”

Bi Kanga akachomoa waya wa intaneti, ndipo akaziondoa kinga. Bwana harusi akacheza bila kukwama, na vifaranga wakainuka wakacheza naye.